Barabara Aliyonisimulia Hudson

Jumanne, 3 Machi 2026

Leo zimesimama trela mbili tu. Moja iliegesha kwa sababu ya pancha, kwa hiyo hata hiyo si mteja. Dereva alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Ndanu, msichana anayenisaidia hapa hotelini, alisugua meza ambazo hazikuwa zimechafuka. Nilimwacha asugue.

Jioni ikaingia sauti ya mume wangu Hudson kwenye WhatsApp, kutoka Amerika. Ndefu. Niliisikiliza nikichambua mchele. Anasema ile barabara kuu yao ya zamani, Route 66, mwaka huu inatimiza miaka mia. Miji yote imetundika bendera. Inaanzia Chicago, kule kwenye ziwa, inakata majimbo manane mpaka baharini karibu na Los Angeles. Karibu kilomita elfu nne. Ni kama utoke Mombasa ufike Kigali, urudi, na bado una safari.

Anasimulia vizuri siku hizi. Zamani hapa Voi alikuwa mtu wa maneno machache. Angetoka Kampala na trela, avue viatu pale mlangoni, aseme "nimefika", basi. Kisha mizigo ikapanda treni. Tajiri wake akauza malori. Hudson akacheza bahati nasibu ya grini kadi ya Amerika, akashinda. Akaenda kuendesha trela huko, akasema anatangulia, nitafuata. Huu ni mwaka wa tatu.

Nimebaki na hoteli, na gesti ya nyuma yenye vyumba visivyolala mtu. Mombasa Road ipo palepale. Magari yanapita. Hayasimami tu.


Jumapili, 8 Machi

Mama mkwe alipiga kutoka Mwanda, kule milima ya Taita, baada ya ibada. Mvua bado milimani. Aliuliza kama Hudson anakula vizuri. Nikasema ndiyo, anakula. Sijui kama anakula.

Sauti nyingine leo. Ya wakulima wa Oklahoma, miaka ya thelathini. Ukame ukapiga, upepo ukabeba udongo wote wa shamba, watu wakaamka na vumbi kwenye sufuria. Wakafunga magodoro juu ya gari, nyanya zao wakaketi juu ya mizigo, wakaifuata hiyo barabara kuelekea magharibi kutafuta vibarua vya kuchuma matunda. Walipofika, wenyeji hawakuwataka.

Nilimkumbuka babu Kiema. Alishuka hapa kutoka Kitui na njaa hivyohivyo. Yeye hakuwa na gari wala godoro. Na huko Kitui, kwa Wakamba wenzetu, tunaambiwa tumekuwa Wataita, na hapa mpaka leo tunaitwa wa kuja.

Nilimjibu Hudson nikamwomba tupigiane video. Nimwone tu. Akajibu kwa sauti: network mbaya, niko njiani. Hajauliza habari za Moureen. Mtoto ako Form Three, anafanya mtihani, baba anasimulia vumbi la Oklahoma.


Jumamosi, 14 Machi

Ndambuki alipita leo na mzigo wa simiti. Yeye na Hudson walianza pamoja, wote matanboi, wasaidizi wa dereva, wakapata leseni mwaka mmoja. Bado yuko barabarani. Ndiye mteja wangu asiyenikosa. Alikula ugali na matumbo, nikamwekea sauti ya Hudson ya jana asikilize. Ile ya mlima kule Arizona — kona zimepindana kama utumbo, punda wanatembea katikati ya barabara, chini kuna migodi ya dhahabu iliyoachwa. Hudson anasema aliupanda juzi na trela.

Ndambuki akaacha kutafuna.

"Shemeji, rudisha hapo kwa kona."

Nikarudisha.

"Trela haipiti hapo. Kona namna hiyo, na bodi ndefu vile? Ingelala. Na wale wana barabara kubwa mpya kando, mteremko poa. Dereva gani ataiacha aende kupigana na mlima wa punda?"

Nikasema labda alikuwa na gari dogo.

"Labda." Akaosha mikono polepole. Kisha akasema, "Sikiza tena, usimsikize yeye. Sikiza nyuma yake. Hakuna injini."

Alipoondoka nikasikiliza. Kweli hakuna. Kuna ndege anaimba. Kuna mtu anafagia. Kuna mlango unafungwa, polepole, kama wa chumba chenye mgonjwa.


Jumapili, 15 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemwandikia: uko wapi hasa? Tiki mbili za buluu. Hajajibu.


Ijumaa, 20 Machi

Watu wa Idd wamejaa mjini. Jirani aliniletea biriani, akaketi kidogo, akaenda.

Hudson kimya. Nimefikiria mwanamke. Nimefikiria jela. Nimefikiria wale wanaoshikwa na kurudishwa kwao kwa ndege. Mwanamke ndiye niliyemtaka zaidi katika hao, Mungu anisamehe. Mwanamke ungemtukana, upumue.


Jumanne, 24 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia, namba ya Amerika, si ya Hudson. Nikatoka nje kwa sababu Ndanu alikuwa anasikiza redio. Sauti ya mzee.

"Hujambo, mama? Naongea na Mama Moureen wa Voi?"

Kiswahili. Nilidhani ni matapeli.

"Kiswahili changu kimeshika kutu, utaniwia radhi. Mimi naitwa Kantilal. Nilizaliwa Taveta. Baba yangu alikuwa na duka la nguo pale karibu na stesheni ya reli. Sasa niko New Mexico, nina moteli. Mume wako yuko kwangu. Yu hai, usiogope. Lakini haoni."

Nikauliza haoni nini.

"Macho, mama. Haoni."

Nikaketi kwenye kreti la soda. Akanieleza, polepole, akitafuta maneno mengine kwa muda mrefu. Ni sukari. Hudson aliijua akaificha, dawa akawa anameza anapopata. Mwaka jana katikati, kampuni ikampima macho ikamtoa barabarani. Dereva mwenzake akamshusha pale motelini alale siku mbili tatu. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga na vivuli. Mzee akamwambia akae. Anakunja mashuka kwa kupapasa, anashika simu ya mapokezi. Anafagia veranda.

"Na hizo hadithi anazonitumia?" niliuliza. "Za barabara?"

"Ni zangu. Nyingine ni za wageni. Jioni watalii hukaa nje kwenye viti vya chuma, nami huwasimulia, ndicho wanachokuja kutafuta. Hudson husikiza. Kisha huingia chumbani, nasikia anaongea peke yake. Nilidhani unajua, mama, mpaka aliponipa simu nimsomee ujumbe wako, uko wapi hasa."

Nilidhani unajua. Hilo ndilo ninalolirudia tangu jioni.

Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikukata simu, akaanza kunisimulia na mimi. Kwamba yeye na mkewe walinunua hiyo moteli zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Barabara mpya ya njia nne ilipita pembeni, na mji ukafa kwa msimu mmoja. Stesheni za petroli zikafungwa, mikahawa ikafungwa. Wenyewe wakauza kwa bei ya bure na kuhama. "Sisi tulinunua kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Halafu wenye moteli nyingine wakaweka mabango: hapa mwenyewe ni Mmarekani. Ili wageni wasilale kwangu." Akacheka kidogo bila furaha. Juu ya mlango wake kuna taa ya neoni, tausi, mkia wake unawaka rangi moja baada ya nyingine. Sasa watu wanatoka Ujerumani, Japani, Brazili, kwa pikipiki, kuja kupigwa picha chini ya tausi huyo.

Nilimuuliza kama Hudson anajua amenipigia.

"Hajui. Bado amelala. Huku ni asubuhi." Kisha akauliza kama pale Taveta bado kuna ndizi nyingi sokoni. Nikasema zipo. Akasema vizuri, vizuri, na sauti yake ikaharibika.


Jumatano, 25 Machi

Nimesikiliza sauti zote za tangu Agosti. Mlima. Jangwa. Daraja la zamani la chuma. "Nimepita hapa leo." "Nimesimama hapa leo." Katika moja anasema machweo yalikuwa mekundu kama udongo wa Tsavo.

Nina hasira. Kisha nakumbuka anapapasa mashuka.


Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nimetoka Mwanda. Jambo kama hili haliendi kwa simu, nilipanda mwenyewe. Baridi, ukungu umekaa juu ya matuta ya mboga, njia inateleza. Mama mkwe alikuwa anapalilia maharagwe, sikukuu kama hii. Aliponiona akasimama na jembe lake, akajua si salamu.

Nilimweleza tukiwa tumeketi jikoni. Hakulia. Alichochea moto. Akauliza, "Anaogeshwa na nani?"

Nikasema anajiogesha mwenyewe, Mama.

"Mlo anapikiwa na nani?"

"Kuna mzee Mhindi. Ni mtu wa Taveta."

Akakubali kwa kichwa, kama Taveta na New Mexico ni kijiji na cha jirani. Kisha akasema: "Arudi. Kipofu hakai ugenini. Aje hapa kwangu, hapa anajua kila jiwe tangu utotoni."

Alisema kwangu. Nililisikia.

Nicholas, mdogo wake Hudson, alinishusha na pikapu mpaka Voi. Njia nzima aliongea habari za bei ya kabichi.


Jumamosi, 11 Aprili

Leo tumeongea. Mzee Kantilal ndiye aliyempa simu mkononi, nilisikia akimwambia "ni nyumbani, shika". Video nilizima mwenyewe. Ningemwangalia na yeye hanioni — niliona ni kama kuiba.

"Kasyoka," akaniita.

"Niko."

Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa nimepanga maneno makali wiki nzima, likatoka hilo moja tu. Akasema alitaka mtu mmoja duniani abaki anamwona akiendesha. Wengine wote wameshamwona akijigonga kwenye milango.

Nikamwambia mimi niliolewa na mtu, si na trela.

"Si kweli," akasema. "Ulinipenda nikiwa juu ya kiti. Ulikuwa unatoka nje ukisikia honi yangu." Ni kweli nilikuwa natoka.

Nilimuuliza watu wanaipendea nini hiyo barabara mpaka wavuke bahari kuja kuiona, na haina kitu. Akasema, "Wanaipenda kwa sababu imekufa. Ilipokuwa hai ilikuwa ni kazi tu. Watu kama sisi hawakuruhusiwa hata kulala. Weusi walikuwa wanaendesha usiku kucha na chakula chao kwenye gari, kwa sababu kuna miji jua likizama usikutwe. Hayo watalii hawaulizi. Mzee huwaambia, lakini mwisho, wakishakunywa."

Hiyo hakuniambia kwenye zile sauti. Aliniwekea punda na machweo.

Kisha akasema vyumba vinajaa, ni mwaka wa miaka mia. Mzee hasemi kitu, lakini juzi alimsikia kijana wa mzee akiuliza chumba namba sita kitakuwa wazi lini. Namba sita ni yeye.

"Rudi," nikamwambia.

"Nirudi nifanye nini?"

Nikasema tena rudi.


Jumatano, 29 Aprili

Amefika.

Nilimpokea Nairobi. Alitoka akisukumwa kwa kiti cha magurudumu na kijana wa uwanja wa ndege, koti kubwa la baridi, amekonda, ndevu zimeota mvi upande mmoja tu. Kijana akasema, "Mama, huyu ni wako?" Nikasema ni wangu. Hudson akageuza uso, si kunielekea mimi — alielekea pembeni kidogo, mahali palipokuwa na nguzo.

Nilimshika mkono. Akautoa taratibu, akashika mkono wa begi langu badala yake. Nikatembea namna hiyo, mimi na begi na yeye nyuma.

Tulikuja na treni. Ile treni. Aliapa hataipanda maisha yake yote, ndiyo iliyomla. Karibu na Mtito Andei akauliza kama barabara inaonekana dirishani. Nikasema inaonekana. Kuna malori? Nikasema yako machache. Akauliza machache namna gani. Nikamwambia lala, Baba Moureen, umechoka.

Mzee Kantilal alimfungia zawadi: fulana yenye picha ya ile alama ya barabara, ile ngao nyeupe yenye 66. Na pakiti ya vitambaa vya kichwa, ya "mama wa nyumba".


Jumamosi, 2 Mei

Haendi nje. Tangu juzi madereva wa zamani wanapita kumpa pole, Ndambuki alikuja na miwa na maziwa, na Hudson akaingia chumbani akafunga mlango. Ndambuki aliketi mbele ya ule mlango karibu saa nzima. Aliongea nao. Habari za barabara, nani amekufa, nani ameacha, mizani mpya, askari gani amehamishwa. Hakujibiwa. Akaondoka akinifinya bega.

Moureen alipewa ruhusa ya kuja kumwona baba. Hudson alimpapasa uso, pua, masikio, akasema umekuwa mrefu. Mtoto akalia bila sauti ili asisikike. Kisha akarudi shule.

Usingizi hamna. Kila trela ikipunguza mwendo hapo nje anakaa kitako kitandani. Leo alfajiri akaniambia, "Funga hii hoteli."

Nikamuuliza kwa nini.

"Siwezi kukaa kando ya barabara. Mzee alikuwa amekaa mahali pamekufa tayari. Hapa bado panakufa, na mimi nasikia."

Nikamwambia hii hoteli ndiyo imemsomesha Moureen miaka hii yote alipokuwa anapita milimani na punda. Nilitaka kuyarudisha maneno, yalikuwa yameshafika. Akageukia ukuta.

Mchana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda amevaa ile fulana. Nilimwangalia kutoka mlangoni muda mrefu. Alijua nipo.


Jumatatu, 4 Mei

Wamekuja mapema. Mama mkwe na Nicholas, na pikapu imetandikwa godoro na blanketi nyuma ingawa Hudson anaweza kukaa mbele. Hudson alikuwa ameshavaa. Kumbe walipanga jana kwa simu nikiwa sokoni.

Mama mkwe hakunigombeza. Ingekuwa rahisi. Aliketi kwenye meza ya wateja, akanywa chai yangu, akasema polepole, "Mama Moureen, twende sote. Nyumba yenu ipo, Nicholas ameezeka upya. Shamba lipo. Hapa unamngojea nani?"

Nikasema nangojea wateja, Mama.

Akatazama meza. Alikuwepo mmoja, dereva wa mchanga, anajifanya hasikii.

"Mume akirudi mke hamwachi njiani," akasema. Sio kwa ubaya. Aliweka mkono wake juu ya wangu, mkono mgumu wa jembe. Nilitaka kulala palepale juu ya huo mkono.

Hudson alitoka mwenyewe, akipapasa ukuta, halafu mlango, halafu hewa. Ni mara ya kwanza ametoka tangu aje. Akasimama barazani. Trela ilikuwa inapita, akaingojea ipite yote.

"Unakuja?" akaniuliza.

Nikasema, wacha nichukue begi.

Ndipo nilipo sasa. Chumbani. Nimeketi kwenye kitanda alichokiacha kimetandikwa, pembe zimekunjwa kihoteli, sawasawa kuliko ninavyotandika mimi. Begi liko wazi. Nimetia sweta yake ya baridi ya Mwanda, dawa zake za sukari, mashati, chupi, ile fulana. Nguo zangu na vitambaa vyangu nimevitoa begini nikavirudisha kabatini.

Nicholas amepiga honi, mara moja, kwa heshima. Nasikia mama mkwe akimwambia mwache, anafunga nyumba. Mlango wa pikapu haujafungwa bado. Hudson ameshaingia, nasikia anakohoa.

Ndanu amechungulia hapa. Anasema muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya wateja wa mchana, unakauka motoni, aepue au afanyeje.

Nimemwambia aongeze maji, na kuni moja.